Gogo la Nyuma ya Banda

4 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Naandika barua kwa sababu simu ulinikatia. Ulisema nikitaka kukueleza habari za uyoga na ndoa zake nikae chini niandike kama mtu mwenye adabu, maana una gauni la watu kwenye cherehani. Haya, nimekaa chini.

Kitengo cha Misitu kimenipa kazi yangu ya kwanza ya peke yangu. Wanataka kujua kama uyoga wa magogo wa msitu wa juu, huo wenu, una aina nyingi au chache. Aina za kuoana, namaanisha. Kofia ya uyoga hudondosha vumbi. Kila chembe ya vumbi hilo ikiota hutoa uzi mwembamba, na uzi huo peke yake hauzai kitu hata ukae miaka. Lazima ukutane na uzi wa aina nyingine. Sisi watu tuna mume na mke basi, tunagombana miaka elfu. Uyoga una aina kumi, hamsini, mamia, inategemea msitu wenyewe. Nyuzi zikikubaliana zinaungana, na kwenye maungio zinafunga vikulabu kama zile kulabu unazoshona nyuma ya shingo ya gauni. Naviona kwa hadubini. Zisipokubaliana zinakaa sahani moja hazisemezani.

Naomba unitumie vumbi kutoka magogo ishirini, yaliyo mbalimbali, angalau hatua mia moja kati ya moja na jingine. Laza kofia kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli, iache mpaka kesho yake. Kunja karatasi, andika umeokota wapi. Wewe na wenzako waokota uyoga mnaujua msitu ule kuliko mtu yeyote hapa ofisini. Usiniangushe.

Mwanao,
Miwani

19 Machi

Miwani mwanangu,

Marahaba. Pakiti ishirini hizo hapo, nimezifunga kwa uzi mweupe nisije nikakutia aibu mbele ya wasomi wako. Kila moja nimeandika mahali: penye mti uliopigwa radi, penye maji, penye mizinga ya nyuki, mawe mawili, na kuendelea. Soma mwenyewe.

Hizo habari za aina hamsini za wachumba nimewasomea wateja wangu. Mmoja amesema kumbe ndiyo maana uyoga hauna mawifi. Mwingine ameuliza kama kuna nafasi za kujiunga.

Goti linanitii. Usiulize sana nimepita wapi na nimepitaje, mzigo umefika. Kula vizuri, mara ya mwisho ulikuja hapa mifupa mitupu.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Majibu yametoka na sijui nicheke au nilie.

Kila pakiti nilichukua nyuzi mbili. Nyuzi arobaini, nikazikutanisha kila moja na kila mwenzake, sahani mia saba na themanini. Macho yangu yamebadilika umbo. Nilitegemea aina thelathini hivi. Nimepata nne. Nne, Shangazi! Ndizo zile nne ambazo uyoga mmoja huwapa watoto wake. Maana yake msitu wote ni ukoo wa baba mmoja na mama mmoja, wamebaki kuoana ndugu kwa ndugu, na mara nyingi hata hiyo haiwezekani.

Nimeandika ripoti. Mkuu wa Kitengo amefurahi kuliko nilivyodhani, amenipeleka mwenyewe kwenye chumba cha mikutano nikaisome. Walinipigia makofi. Jina langu liko kwenye jalada kwa herufi kubwa kuliko zile ulizonishonea kwenye mfuko wa shule.

Una hakika na namba 14, ile ya mawe mawili? Basi tu. Nimeuliza.

Miwani

20 Mei

Kwa Katibu,
Kikundi cha Waokota Uyoga, Msitu wa Juu.

YAH: USAFISHAJI WA MSITU WA JUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kutokana na ripoti ya kitaalamu iliyothibitisha kuwa uyoga wa msitu huo ni wa uzao mmoja, Kitengo kimeridhika kwamba hakuna kitakachopotea endapo magogo yote yaliyoanguka yataondolewa na eneo kupandwa miti ya mbao. Kazi itaanza tarehe 1 Agosti. Kwa kuwajali, Kitengo kitawapatia wanakikundi mifuko ya uyoga wa kupandwa, wa mbegu moja iliyochaguliwa.

Mnatakiwa kutoa ushirikiano.

Mkuu wa Kitengo

28 Mei

Miwani,

Nimekuwekea humu barua ya bosi wako. Kaa chini kwanza.

Niliisoma mbele ya kikundi, mimi katibu, kwa sauti yangu. Wanawake ishirini na saba wakanitazama. Wakauliza: ripoti ya nani? Nikasema ya mtaalamu. Nikashindwa kusema mtaalamu mwenyewe nilimfunga nepi.

Sasa sikiliza, nakuambia mara moja kabla sijabadili nia. Zile pakiti ishirini zote zimetoka kwenye gogo moja. Lile la nyuma ya banda la kuku, ulilokuwa unakalia ukichonga penseli. Kila siku nilikata kofia mbili tatu, nikaandika mahali nilipotaka. Mti uliopigwa radi upo kweli. Mimi sikufika.

Usidhani ni goti. Ni kwamba ulipotaka magogo ishirini ulitaka niwauze wenzangu ishirini. Sisi tukipishana njiani tunaangalia juu kwenye miti, kila mtu anajifanya anahesabu ndege, ili asimwone mwenzake anatokea wapi. Miaka thelathini hatujaulizana. Mama Kufuli hata mumewe hajui anapookota. Ningeandikaje sehemu zao kwenye karatasi zikaenda ofisini? Na kukukatalia nako niliona haya, ulisema ni kazi yako ya kwanza. Nikajiambia uyoga ni uyoga. Mimi, fundi wa nguo! Nimekupa vipande ishirini vya jora moja, nikakudanganya vimetoka maduka ishirini.

Ulichoandika ni kweli tupu, mwanangu, ila ni kweli ya gogo langu.

Nitukane. Lakini nikishatukanwa, niambie tunafanya nini, maana magogo yale hayaondoki. Nimeshasema hayaondoki.

Shangazi

6 Juni

Shangazi,

Safari hii sikuamkii.

Barua yako nimeisoma stoo, mlango nimeufunga, nikapiga teke ndoo. Umenifanya nisimame mbele ya watu wenye tai nikawaambie uongo kwa sauti ya kujiamini. Kama ungeniandikia neno moja, "sitaki", ningekwenda mwenyewe na buti zangu. Nimekasirika na nitaendelea kukasirika kwa muda, sijui lini nitamaliza.

Na bado ngoja nikuambie la kwangu, maana linaniwasha. Nilijua. Hapa maabara tuna mzee anayeandaa sahani, tunamwita Mzee wa Sahani, ameziona nyuzi tangu kabla sijazaliwa. Aliangalia zangu akasema, "Hawa ni tumbo moja, binti. Msitu hauwezi kuwa hivi. Umeletewa kutoka sehemu moja." Nikamwambia aoshe sahani. Kikao kilikuwa kesho kutwa. Nilitaka makofi yale. Wewe ulidanganya kulinda wenzako. Mimi nilinyamaza nipate kusifiwa, kwa hiyo sina pa kukutukania.

Nimemwomba Mzee wa Sahani radhi. Amesema radhi ameipokea, sahani je?

Mkuu nimemwendea. Nikamwambia naiondoa ripoti. Hakuinua hata uso. "Ripoti yenye muhuri hairudi maabara. Ukitaka kazi, kaa nayo." Nikamwambia basi tutaona.

Nataka vumbi jipya. Magogo ya kweli, ya msitu wa juu, kabla ya mwisho wa Juni. Safari hii bila mahali sina kitu, wataniuliza umbali. Waambie wenzako wanichukie mimi, si wewe.

Miwani

17 Juni

Miwani,

Hujaniamkia, na mimi nimekuitikia hivyo hivyo. Marahaba.

Tumekutana kwangu, kwenye chumba cha kushonea, wengine wamekaa juu ya meza ya kukatia. Nikasimama nikatoa yote. Kwamba ripoti ni ya mwanangu, kwamba pakiti ni za kwangu, kwamba uongo ni wangu. Mama Pilipili akasema anajiuzulu kikundi, akachukua mkoba wake, akarudi kwa sababu alikuwa amesahau mtandio, akakaa. Kelele unazijua. Mmoja anasema tuandike barua ya kuomba. Mwingine anasema tusubiri, labda mifuko hiyo ya kupandwa ni mizuri.

Hapo Mama Kufuli akasimama. Miaka yote kwenye kikundi sijamsikia akisema zaidi ya "nipo" wakati wa mahudhurio. Akasema: "Mifuko ya mbegu moja ikipata ugonjwa mmoja imekwisha yote. Gogo langu liko chini ya mteremko wa mawe mekundu, kushoto, hatua arobaini kutoka penye maji. Sasa mmejua. Nani anafuata?"

Halafu mwingine akasema lake. Na mwingine. Wengine walisema wamefumba macho. Mama Pilipili alisema la kwake huku analia kwa hasira, akatuapia mtu akionekana pale atamjua yeye ni nani. Wote ishirini na saba. Mwanangu, nimeshona nguo za harusi na za msiba, sijawahi kuwa kwenye chumba kama kile.

Kisha tukaenda. Mimi na Mama Kufuli tumepita kila gogo, siku sita, kwa miguu, goti likiwa limefungwa kitambaa. Hakuna bakuli lililobaki jikoni kwa mtu. Pakiti ishirini na saba, moja kwa kila mwanamke, na mchoro wa mahali nimeuchora kwa chaki ya kushonea, kisha kwa kalamu.

Lakini usiniamini. Ndiyo, nasema hivyo mimi. Umeniamini mara moja ukaumia. Humo ndani kuna pakiti mbili ambazo zimetoka gogo moja. Kwenye mchoro zinaonekana mbalimbali. Wenye pakiti hizo hawajui, nimegundua mimi njiani na sijamwambia mtu. Hadubini yako ikiwa na macho, izitafute. Usipoziona, usiende kwa Mkuu wako.

Shangazi

14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuamkia, umeona?

12 na 19.

Nyuzi hamsini na nne safari hii. Mkuu amenifungia chumba cha hadubini, amesema vifaa ni vya miradi yenye kibali. Mzee wa Sahani ana hadubini yake ya zamani kwenye kabati, ile ya kioo kimoja, ameitoa, akaipangusa kwa shati. Tunapokezana mchana, wakati wengine wako chakulani. Mara ya kwanza kuona kulabu ikijifunga kati ya nyuzi za 1 na 2 nilimshika mzee mkono nikamminya. Halafu 1 na 3. Halafu 2 na 3. Wanakubaliana, wanakubaliana, karibu kila sahani, wageni kwa wageni! Wale wa mwanzo walikuwa wamekaa kama ndugu waliogombania shamba. Hawa wanafungana kulabu mpaka ukingo wa sahani.

Aina arobaini na tisa, na nina hakika tukiongeza magogo zitaongezeka. Msitu wenu haujawahi kuwa wa ukoo mmoja. Wametoka kila upande, na ndiyo maana umeishi.

Ila 12 na 19 zinakaa pamoja hazisemezani. Watoto wa tumbo moja. Nikosoe kama nimekosea, nakwenda mbele ya bodi, walio juu ya Mkuu, tarehe 23.

Miwani

18 Julai

Miwani,

Ni zenyewe! Nimeruka na goti langu hili.

Namba 12 ni Mama Kufuli. Namba 19 ni Mama Pilipili. Mmoja anashuka kwa mawe mekundu, mwingine anapanda kutoka upande wa mizinga ya nyuki, katikati kuna kichaka cha miiba, na gogo ni refu, limelala chini ya kichaka kutoka huku mpaka kule. Miaka tisa wanavuna gogo moja, huyu kichwani na yule miguuni, kila mmoja analaani konokono wanaoula uyoga wake.

Barua yako nimeisoma kikundini. Nilipofika "watoto wa tumbo moja" nikawataja. Wakatazamana. Mama Pilipili akasema, "Kumbe konokono ni wewe." Hatukuweza kuendelea na kikao. Lakini tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza kama hizo sahani zako zinasema kweli.

Nenda. Vaa lile gauni la bluu, kola nimeikazia mwenyewe, haianguki.

Shangazi

24 Julai

Shangazi,

Nilivaa.

Mkuu aliniambia nikae kabla sijafungua mdomo. Nikasimama. Nikasema: ripoti ya kwanza ni yangu, ni ya gogo moja, niliambiwa hivyo na mtu anayejua nikamdharau, na mbele yenu naikana. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini waamini ya pili kama ya kwanza nilidanganywa. Nikawasimulia mtego wako. Nikaweka sahani ya 12 na 19 mezani, na mchoro wako wa chaki. Wakaja kuangalia mmoja mmoja kwenye kile kioo cha Mzee wa Sahani. Mzee mwenyewe alikuwa mlangoni na aproni yake, hakuitwa wala hakuondoka.

Usisherehekee. Bodi imesema itatafakari na kujibu kwa wakati wake. Amri ya tarehe moja haijafutwa. Mkuu alinisubiri kwenye ngazi, akaniambia kuanzia Jumatatu nipo stoo, kuhesabu chupa. Nikamwambia chupa nazijua, na nikihesabu nitaandika idadi ya kweli. Nililia baadaye, kwenye basi, kwa sababu ile hadubini kubwa naipenda.

Nimekuwekea nakala tatu za barua yangu ya kuikana ripoti. Nimetia sahihi kwa mkono, na Mzee wa Sahani ametia yake kama shahidi. Wakija kuondoa magogo watakuwa na ripoti yangu mkononi. Waonyesheni mwandishi wake anasema nini. Zaidi ya hapo sina la kuwapa, Shangazi. Nimebakiwa na jina tu, na hilo nimelitia kwenye karatasi.

Miwani

6 Agosti

Miwani mwanangu,

Kaa juu ya hizo chupa zako usome.

Siku ya kuamkia tarehe moja, mchana, tulilivingirisha lile gogo la nyuma ya banda. Wanawake saba, kamba mbili, kuku wanatukimbia. Tukalipeleka mpaka mdomoni mwa msitu, tukalilaza katikati ya njia. Mimi nilisema: hili ndilo lililosema uongo, basi hili ndilo litafunga njia.

Asubuhi walikuja na matrekta mawili. Mimi nimekaa juu ya gogo, napinda ukingo wa sketi. Msimamizi kijana mwenye heshima, akaniamkia, akaniomba nipishe. Nikamwambia nina kazi ya mteja. Akatoa ripoti yako, akanisomea kwamba humu ndani kuna uyoga wa aina nne tu. Nikamwambia ni kweli, hizo nne zote nimezikalia. Za humo ndani nenda ukazihesabu kwa miguu.

Akaenda. Miwani, ningependa ungekuwepo. Wale wanawake waliokuwa wanaangalia juu wakipishana, kila mmoja amekaa juu ya gogo lake, jua limewaka, anaonekana na kila mtu. Mama wa mapacha ameleta kiti akakiweka juu ya gogo, ili akae kwa starehe. Penye mawe mekundu Mama Kufuli na Mama Pilipili wamekaa gogo moja, wamepeana mgongo, kila mmoja anamwambia msimamizi upande wa mwenzake ndio wenye konokono.

Alizunguka mpaka saa saba. Aliporudi nikampa barua yako. Akaisoma mara mbili, akaiweka juu ya ile ripoti, akalinganisha sahihi. Akasema, "Mimi sisafishi msitu kwa karatasi iliyokanwa na aliyeiandika. Wakitaka, waniletee nyingine." Akageuza matrekta. Aliomba abaki na nakala moja, nikampa. Jana imekuja barua ya bodi: kazi imesimama hadi utafiti upya ufanywe, na wanataka mtafiti awe yule yule. Kwa hiyo Mkuu wako atakuletea ufunguo wa hadubini mwenyewe. Usimshukuru sana.

Watasema tena, najua. Wakija tena tutakaa tena, sehemu zetu sasa zinajulikana.

Jambo moja limebaki. Gogo la uongo tumekataa kulirudisha nyuma ya banda. Gogo likigongwa uyoga huamka, na hili kwa vile lilivingirishwa njia nzima, limechanua upande mzima, uyoga ule ule wa baba mmoja na mama mmoja, na hakuna aliyegusa. Nimewaambia ni wa mwandishi wa ripoti. Njoo Jumamosi uuchume mwenyewe, mchana, watu wakikuangalia.

Shangazi yako